Mkanda wa usalama wa mota umegoma: kutengeneza, kununua wa mtumba au kuizima mota?

Mteja akifika gereji hapa Mwanga, Kigoma, na gari ambalo zamani lilikuwa la mkubwa fulani, akaniambia "Fundi, mkanda umekufa," huwa namuuliza kwanza: hauji, haurudi, au haukabi? Wengi hawajawahi kuyatenganisha hayo matatu, na bei ya kazi inaanzia hapo. Usiokuja ni usumbufu tu, mkono wako unaweza kuufuata. Usiorudi unabaki umelegea kifuani, na siku ya ajali utakuacha uende mbele kabla haujakushika. Usiokaba ni pambo la gari.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome mengine ukiwa unajua niko wapi. Mota inayousogeza mkanda kwa umeme si mkanda. Kinachomshika mtu ni utepe wenyewe, kikunjio (lile duara la chini ya nguzo ya mlango linalouvuta na kuukunja ndani), kichomekeo cha pembeni ya siti, na bolti zinazoshika bodi. Huo ndio mkanda wa pointi tatu alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, nao haukuhitaji umeme. Mota ilikuja baadaye. Kwa hiyo hela yako iende kwanza kwenye kile kinachoshika, starehe ifuate ikibaki chenji. Kuna aina moja ya gari ambapo kanuni hiyo haikai sawasawa, nitaifikia.

Una mkanda gani?

Aina ya kwanza ni mkanda wa reli. Unafunga mlango, unawasha, mkanda wa begani unatembea wenyewe juu ya fremu ya mlango kutoka mbele kuja nyuma na kukufunga kifua. Hizi ni gari za soko la Marekani. Serikali ya kule ilitaka gari ndogo mpya ziwe na kinga isiyomsubiri abiria: ama mifuko ya hewa, yaani eabegi, ama mkanda unaojivaa. Amri ilianza kwa awamu na gari za modeli ya 1987, ikafika gari zote za modeli ya 1990. Mkanda wa mota ulikuwa rahisi kuliko eabegi, viwanda vikaukimbilia. Toyota Cressida ya kule ilikuwa imeshatangulia tangu 1981. Eabegi mbili za mbele zilipokuwa lazima kwa gari zote za modeli ya 1998, mikanda ya reli haikuwa na kazi tena.

Utauliza gari la Marekani linafikaje Kigoma. Jirani zetu Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo usukani wa kushoto si kitu kigeni huku, na mara moja moja anajitokeza mtu na sedani ndefu ya zamani iliyopita mikono mingi. Ukiliona limekuja hivyo, tazama juu ya mlango. Ukikuta mfereji wa chuma na kidude kinachoteleza ndani yake, ndiyo hiyo.

Aina ya pili ni mkono. Gari za milango miwili, kama Mercedes-Benz coupe za W124 na CLK, au BMW coupe ya E92, zina milango mirefu, hivyo mkanda unakaa mbali nyuma ya bega. Kiwanda kikaweka mkono wa plastiki unaosogea mbele na kukuletea mkanda ukiwasha gari. Ukishafunga, mkono unarudi kwake.

Ya tatu imejificha, na ndiyo inayonifanya nisiseme maneno makali juu ya mota zote. Mota iko ndani ya kikunjio chenyewe. Ukikanyaga breki ya ghafla inauvuta mkanda ukubane kabla hujagonga. Mercedes S-Class ilianza nayo 2002, na Toyota Harrier ikaletwa nayo Februari 2003 pamoja na rada ya mbele. Si kila Harrier inayo. Nyingi zinazopita hapa mjini zina mkanda wa kawaida tu, na mwenye nayo anadhani ana mota kwa sababu aliyemuuzia alimwambia "hii full." Uliza kwa namba ya chasisi kabla hujaagiza kitu.

Kutengeneza hiki hiki kilichopo

Kwa aina mbili za kwanza, hapa ndipo ningeanza kila mara. Si kwa ubahili. Nusu ya lawama zinazotupiwa mota si zake.

Anza na vumbi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho linajenga ukoko kwenye kitanzi cha juu, kile unachopitia mkanda begani. Utepe unapita hapo kwa shida, springi ya kikunjio inashindwa kuuvuta, mtu anasema kikunjio kimekufa. Vuta mkanda wote hadi mwisho, ubane kwa koleo ya plastiki usirudi, kisha futa kitanzi kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini. Maji ya kwanza yanatoka rangi ya chai. Utepe nao uufute hivyo hivyo, uuache ukauke kabisa kabla ya kuuachia uingie ndani. Usitumie petroli wala dawa ya kung'arishia nguo, vinakula nyuzi. Na usipulize mafuta ndani ya kikunjio hata kama jirani yako anaapa kuwa yalimsaidia. Mafuta yanakusanya vumbi jipya kwenye meno yaleyale yanayotakiwa kukaba.

Ikiwa mota ndiyo haifanyi kazi, sikiliza kabla ya kufungua. Kimya kabisa: nenda kwenye fyuzi, kisha swichi ya mlango. Kwa mkanda wa reli, swichi ya mlango ndiyo inayoupa habari kuwa umeingia au umetoka. Ukifungua mlango taa ya ndani isiwake, umeshapata mshukiwa wa kwanza bila kugusa bisibisi, kama balbu ni nzima. Mota inavuma lakini mkanda hautembei: umeme upo, kilichokatika ni kebo ya plastiki yenye meno au gia inayoishika. Mkanda unaenda na haurudi, au unafika mwisho mota inaendelea kukwaruza: angalia swichi ndogo za mwisho wa reli, zinazoiambia mota "basi." Hizo mara nyingi ni uchafu tu.

Mota zenyewe huwa zina roho ngumu. Sehemu za plastiki ndizo zinazokufa. Kwenye mkono wa coupe, gia au ule mkono unavunjika kwa sababu abiria anautumia kama kishikio anapoinuka kutoka siti ya nyuma. Gia iliyokatika meno haiungwi kwa gundi. Fundi anayekuambia itaungika anakuuzia wiki mbili.

Faida ya njia hii ni kwamba unabaki na utepe na kikunjio cha gari lako mwenyewe, ambavyo historia yake unaijua. Hasara yake ni muda. Plastiki za nguzo na za ubavu wa nyuma zimekauka kwa jua miaka zaidi ya 20 na vibanio vyake vinakatika ukiharakisha. Mpe fundi siku nzima, usimsimamie kichwani.

Aina ya tatu ina sheria zake. Karibu na mota, ndani ya kikunjio hichohicho, kuna baruti ndogo inayokaza mkanda wakati wa ajali. Hapo hakuna kufungua, hakuna kugonga kwa nyundo, hakuna kupima kwa mita. Soketi za rangi ya njano kwenye Toyota ni za mfumo wa eabegi, na ukipeleka umeme wa mita yako humo unaweza kuilipua mkononi. Kabla ya kuchomoa chochote, toa waya hasi wa betri, usubiri zaidi ya sekunde 90. Ikiwa mota ya humo ndani imekufa, kikunjio kinabadilishwa kizima. Kazi ya fundi ni kuusoma mfumo wa eabegi kwa mashine, kukagua waya na soketi chini ya siti, na kufunga kipya. Fundi umeme asiye na mashine ya kusoma eabegi asiuguse, hata kama ni shemeji yako.

Kununua wa mtumba

Watu wanaipenda njia hii kwa sababu inaonekana safi: toa kibovu, weka kizima. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara, na duka lenye spea hiyo liko Ilala au Gerezani, si hapa. Unatuma picha, unatuma hela, mzigo unapanda basi. Ukifika na si wenyewe, nauli ya kuurudisha ni yako, na maneno ya muuzaji yanabadilika.

Kwa hiyo maneno yote yaishe kabla ya hela. Omba picha ya lebo ya utepe, ile ndogo iliyoshonwa karibu na mwisho, inayoonyesha namba ya spea na tarehe ya kutengenezwa. Linganisha na ya kwako namba kwa namba. Sema wazi ni upande gani. Kikunjio cha kulia hakifungwi kushoto hata kama matundu yanakubali, maana ndani kuna kitu kidogo kinachopima mwinamo, na kimetengenezwa kwa pembe ya nguzo ile tu.

Hicho kidude cha mwinamo ndicho kinachofanya watu wakatae mkanda mzima. Mzigo unafika, mteja anaushika mkononi, anauvuta, umekaba. "Fundi, wamenitumia kibovu!" Kikunjio kikilala ubavu kinatakiwa kukaba, ndiyo kazi yake gari likipinduka. Kisimamishe kama kitakavyokaa kwenye nguzo, kizungushe taratibu kidogo mbele kidogo nyuma huku unavuta utepe polepole. Kwenye pembe fulani utaachia na kutoka laini. Hapo vuta kwa ghafla: lazima ukabe. Achia: lazima urudi wenyewe hadi mwisho. Ukipita hayo, utandaze wote juani.

Unatafuta nini juani? Mahali utepe ulipokuwa umepita kwenye kitanzi na kwenye ulimi wa kuchomekea siku gari lilipogonga. Mkanda uliowahi kumzuia mtu unabaki na mawimbi, au sehemu inayong'aa kama plastiki iliyoyeyuka kidogo, na ulimi wake una mikwaruzo kwenye ukingo wa tundu. Gari zinazokatwa kuuzwa vipande mara nyingi zilikatwa kwa sababu zilipata ajali, usisahau hilo unaposifia rangi ya utepe. Kichomekeo nacho kitazame. Kwenye baadhi ya gari baruti iko upande wa kichomekeo, na ikishalipuka shina lake linafupika, plastiki yake inajikunja makunyanzi. Hicho ni chuma chakavu.

Kwa aina ya reli, kupata mtumba kamili kwa soko la kwetu ni bahati, na hata ukiagiza Marekani unapokea kebo ya plastiki yenye umri uleule wa iliyokukatikia. Kwa coupe za Mercedes na BMW, mkono wa mtumba unapatikana, na huo ndio mtumba nisioupinga, kwa kuwa mkono haukushikilii maisha. Kwa aina ya tatu, kikunjio kipya kutoka kwa wakala au kwa muagizaji anayeaminika ndicho ningekipendekeza, na mtumba uwe wa gari ambalo eabegi zake hazikufunguka. Muuzaji akisita kujibu swali la eabegi, umeshajibiwa.

Kuizima mota

Wengi wanaona aibu kuitaja njia hii, ila kwa gari nyingi ndiyo ya busara. Lakini kuizima si kukata waya na kwenda zako.

Kwenye coupe ni rahisi mno. Mkono urudishwe nyuma hadi mahali pake, soketi yake ichomolewe na kufungwa utepe wa umeme, mkanda uutoe mwenyewe kwa mkono. Mkanda unabaki vilevile kiusalama. Ningekuwa na CLK na hela kidogo, ningefanya hivyo leo na kununua matairi.

Kwenye reli kuna mtego. Kile kidude kinachoteleza kinashikwa kwa nguvu zote za bodi pale tu kinapofika mwisho wa nyuma na kuingia kwenye kishikio chake. Kikikwama katikati ya njia, kinachokushika ni kebo ya plastiki. Nimeona gari linatembea mjini hivyo, mkanda umepita kifuani vizuri kabisa kwa macho ya trafiki. Ukiamua kuizima, kisukume kidude hadi nyuma, hakikisha kimeingia na hakitikisiki, ndipo utoe umeme wa mota. Kuanzia hapo unafunga na kufungua kwa kile kitufe cha dharura cha begani, kama mkanda wa kawaida. Na usisahau wa kiunoni! Gari hizi nyingi zina mkanda wa kiuno wa peke yake, wa kufunga kwa mkono, ambao watu hawaufungi kwa sababu wa juu umeshajivaa wenyewe. Ukiwa na wa begani peke yake, kwenye mgongano mwili unateleza chini ya mkanda na shingo inabaki juu. Kasoro hiyo ilikuwepo hata mota ilipokuwa mpya.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, wang'oe reli waweke mkanda wa kawaida wa pointi tatu. Inawezekana, ila inategemea bodi. Toa plastiki ya nguzo utazame kama kiwanda kiliacha tundu lenye nyuzi za kukazia bolti na bati la kuimarisha nyuma yake. Likiwepo, kazi ni ya nusu siku. Lisipokuwepo, achana nayo. Nati iliyochomelewa kwenye bati jembamba la nguzo inang'oka na kipande cha bati chake. Bolti nazo si za duka la vifaa vya ujenzi. Bolti ya kawaida ya mikanda ya magari duniani ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, ya chuma kigumu. Ya M10 inacheza ndani ya tundu hilo, ya M12 haiingii, na hapo fundi mwenye haraka anatoa tapu achonge nyuzi upya. Mzuie.

Kwenye aina ya tatu, kuizima ndiyo chaguo baya. Ukichomoa soketi, taa ya dashibodi inawaka, na huwezi kuwa na hakika kuwa ni mota peke yake uliyoizima. Huenda baruti ya mkanda huo nayo haitafanya kazi. Kuna mafundi wanaomalizia kwa kuizima taa. Siku ya kuliuza gari hilo mnunuzi ataambiwa kila kitu kiko sawa, na pengine mnunuzi huyo ni mjomba wako wa Kasulu.

Mimi ningechaguaje

Coupe yenye mkono uliovunjika: zima, tumia mkono wako, tafuta mtumba taratibu. Ukiupata kwa bei nzuri weka, usipoupata maisha yanaendelea.

Sedani ya Marekani yenye reli: jaribu usafi na swichi kwanza. Kebo ikiwa imekatika, funga kidude nyuma na uzime. Sioni sababu ya kuagiza kebo kutoka ng'ambo kwa gari ambalo utepe wake wenyewe umeshachakaa pembeni. Hela hiyohiyo ingebadilisha utepe na kikunjio.

Harrier au S-Class yenye taa inayowaka: hiyo haina njia ya mkato. Lisome kwa mashine, kagua soketi za chini ya siti ambazo mara nyingi zimesogezwa na mtu aliyekuwa anatafuta simu yake, kisha nunua kikunjio kizima kama ndicho kibovu. Huku unasubiri usiwe unaendesha kama vile hakuna kitu.

Na utepe uliochanika, iwe gari la aina yoyote, haupelekwi kwa fundi viatu. Najua wapo wenye mashine nzito na mkono mzuri. Uzi wa viatu hautengenezwi kuhimili mwili wa mtu mzima unaosimamishwa ghafla, na mshono wake unatoboa nyuzi za mkanda ambazo zilikuwa bado nzima.

Kazi yoyote ikiisha, usilipe kabla ya kujaribu. Tafuta uwanja ulio wazi, pasiwe na mtu nyuma, nenda kama kilomita 20 kwa saa, ukanyage breki kwa nguvu. Mkanda ukukamate. Barabara ya Kasulu trafiki anatazama kama umefunga, na usipofunga ni faini, lakini yeye hapimi kama unakaba. Omba pia urudishiwe vipande vilivyotolewa, hasa ukiwa umelipia kipya.

Kama hela inatosha upande mmoja tu, tengeneza wa dereva, maana yeye hakosi safari hata moja. Abiria akae siti ya nyuma yenye mkanda unaokaba mpaka zamu ya mbele ifike, na kama ni coupe basi siti ya mbele kushoto ibebe mizigo tu kwa sasa.